Punda Apulizaye Zumari

Obdulia ndiye aliyetunza ufunguo wa kanisa la kijiji chao, huko milimani kaskazini mwa Palencia, Uhispania. Kanisa lenyewe dogo, la mawe, la kale mno, na waliolichonga walikuwa watu wa mzaha. Ndani, juu ya nguzo, mbweha aliyevaa joho la padre anawahubiria mabata bukini. Nje, chini ya ukingo wa paa, nguruwe jike anasokota uzi, na punda amekaa kitako anapuliza zumari.

Mumewe, Eutiquio, alikuwa mpiga zumari wa sikukuu zote za pale, tena masikio yake makubwa. Kijiji kizima kilimwita Punda, naye akiitika. Siku ya harusi yao alikwenda kusimama chini ya yule wa jiwe, akajaza mashavu vilevile, Obdulia akacheka mpaka shela ikamwanguka.

Eutiquio alifariki Januari, theluji ikiwa imefika madirishani. Padre, kijana anayehudumia vijiji vingi, alicheleweshwa na barabara, akahubiri harakaharaka huku meno yakigongana kwa baridi. Casilda, jirani na rafiki yake Obdulia tangu utotoni, akamsogelea sikioni.

"Shoga, mtazame mbweha. Leo kamshinda padre kwa mahubiri."

Siku nyingine Obdulia angeuma ncha ya mtandio asicheke. Sasa alimtazama mbweha, akaona jiwe. Akalitazama jeneza, kisha mikono yake mwenyewe. Vyote sawasawa. Casilda akaacha kutabasamu. Angemwona analia asingeogopa vile.

Wiki zikapita. Obdulia alilisha kuku, akapika supu ya kitunguu saumu, akainywa imepoa bila kutambua kuwa imepoa. Wakati wa Kwaresima wakaja mume na mke kutoka mjini, wakaomba kufunguliwa kanisa. Kabla ya kuingia, yule mwanamke akamwona punda, akashika mbavu.

"Jamani, mama, huyu naye ni nani?"

"Mume wangu."

Wakaangua kicheko wote wawili. Obdulia akangoja wamalize.

"Tulimzika Januari," akasema, kwa sauti ileile ambayo angetajia saa ya misa. "Mnaingia, au mmetosheka?"

Hawakuingia. Casilda, aliyekuwa anaanika nguo ng'ambo ya njia, alisikia yote, akaja mbio na vibanio mkononi.

"We mwanamke! Umewatimua wageni!"

"Waliuliza, nikajibu."

"Wamekuudhi?"

"Hata."

"Sasa walivyocheka vile, moyoni ulisikiaje?"

Obdulia alifikiri kwa dhati. "Sikusikia kitu, Casilda. Ni kama mkono uliolaliwa. Nauona, ni wangu, lakini haupo."

Casilda akatia vibanio mfukoni, akanyoosha kiganja. "Nipe huo ufunguo," akasema. "Nitakushikia."

"Uchukue."

Casilda alikaa nao mpaka baada ya Pasaka, akiitukana kufuli kila mara. Kisha magoti yakamvimba, na asubuhi moja wageni wakabisha hodi hawezi kuinuka. Obdulia akauchukua ufunguo, akaenda kufungua mwenyewe. Walipomwuliza yupi anachekesha kuliko wote, akawaonyesha nguruwe.

"Mtazameni alivyonuna. Uzi umemkatikia."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alikaa juani kwenye benchi la mawe mpaka walipomaliza kutazama, akafunga mlango, akaenda kumenya viazi.