Dijei Aliyesimama Ubavu

Kwa nini mama yako haitikii salamu?

Niliulizwa swali hilo nikiwa darasa la nne, tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nyuma ya ploti yetu katika mtaa wa Landless, Thika. Aliyeuliza ni msichana wa jirani, ambaye mama yake alikuwa amemsalimia mama yangu bure asubuhi hiyo. Jibu alikuja nalo mwenyewe kutoka kwao: mama anaringa kwa sababu alikuwa dijei.

La dijei lilikuwa kweli. Kabla ya kuuza vitambaa sokoni, mama alikuwa mwanamke wa kwanza Thika kucheza rege mbele ya watu, Jumapili mchana, katika ukumbi wa mabati nyuma ya baa moja. Nasema wa kwanza kwa kuwa ndivyo kila mtu anavyosema. Mimi nilikwenda chuo kikuu, na kitu cha kwanza nilichofanya na elimu hiyo ni kuuliza ushahidi uko wapi. Picha haikuwepo hata moja. Kulikuwa na santuri chini ya kitanda, zimefunikwa kwa leso, na kulikuwa na wanaume wenye mvi ambao wakimkuta mama sokoni hugonga meza yake ya vitambaa kwa ngumi, wakacheka. Katika rege, wimbo ukikolea watu hugonga mabati na meza, na dijei lazima ainue sindano aurudishe mwanzo. Asiyerudisha amewadharau, na Jumapili inayofuata atachezea viti vitupu.

Tena walisema kwamba hakuwahi kuwatazama watu akicheza. Meza yake aliiweka ubavu, akasimama uso kwa ukuta, umati ukiwa mkono wake wa kushoto. Mwanzoni watu waliita hayo maringo, baadaye wakayaita staili. Hadi leo madijei wa Thika wanaojiita wa shule ya zamani huweka meza ubavu. Nimewahi kuwauliza wawili sababu. Mmoja alisema ni heshima: hutazami watu, unatazama sauti. Mwingine alisema ni mambo ya upepo. Ukumbi ule hauna dirisha.

Miaka michache iliyopita, mama akiwa amehamia kwangu Ruiru, vijana fulani wa huku walitaka awafungulie mchana wa rege. Mmoja wao alikuja nyumbani, akakataa kuketi, akakataa hata chai.

"Mathe, sisi kazi yetu ni kuweka meza tu," akasema. "Hayo mengine ni wewe."

Mama akasema atafikiria, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kufikiria. Kesho yake nilimkuta anapangusa santuri.

Nilikuwa na hofu ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Kwa miezi kadhaa mama alikuwa hanisikii. Nilimwita kutoka mlangoni asigeuke. Githeri iliungua huku amesimama hapo hapo jikoni. Televisheni yetu ilisikika hadi kwa mama mboga wa barabarani. Nikamwona mawazoni akiwa jukwaani: mabati yanagongwa, yeye anatazama ukuta, wimbo unapita hadi mwisho, na watoto waliozaliwa juzi wanampigia miluzi ashuke. Yaani jina lote hilo, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikilitilia shaka, lingeishia hapo.

Nilipomwambia twende hospitali, alisema masikio ni yake. Nikabishana naye kama ninavyobishana na kila mtu, kwa hoja, na hoja hazikufaa kitu. Baada ya siku kadhaa alikubali kwa sababu zake mwenyewe.

"Maitu," akasema. Huniita hivyo, yaani mama kwa Kikuyu, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Madaktari wakisema siwezi, wewe ndiye utawaambia wale vijana. Mimi sitawaambia."

Kliniki ilikuwa Thika. Nilisubiri nje nikipanga maneno nitakayowaambia, na kila nilipoyapanga yalikuwa mabaya zaidi. Nilipoitwa ndani, daktari, msichana wa rika langu, alisema sikio la kulia halisikii kitu, na halitasikia. Kisha akaendelea kwamba la kushoto lilikuwa limeziba kwa nta iliyokauka, ameliosha kwa maji ya vuguvugu, na sasa linasikia vizuri kabisa.

"Nta?" nikauliza.

"Nta."

Niliuliza tena kwa njia nyingine, kwa sababu sikuamini kwamba hofu kubwa hivyo inaweza kuwa na sababu ndogo hivyo. Mama akaniambia nimwache daktari wa watu aone wagonjwa.

Tulipotoka, alisimama karibu na bodaboda akakunja uso.

"Kumbe Thika ina kelele hivi," akasema. "Mnaishije?"

Nilicheka hadi nikaketi kwenye ngazi ya duka la mtu.

Siku ya rege ilipofika, tulikuta meza tayari imewekwa ubavu, bila mtu kumwuliza. Mama alisimama uso kwa ukuta. Wimbo mmoja wa besi nzito ulipokolea, mzee aliyetoka Thika akagonga mabati, na ukumbi mzima ukamfuata. Mama hakugeuka. Mkono wake ulikwenda tu kwenye sindano, akaiinua, akairudisha mwanzo, na watu wakapiga kelele ambazo nilizisikia kifuani. Yule kijana aliyekuja nyumbani akaniinamia.

"Umeona? Hata haangalii."

Kwa muda mrefu baadaye niliamini kwamba spika ndizo zilizoliua sikio lile la kulia. Nilimwambia mama hivyo mara moja. Akasema rege haijawahi kumdhuru mtu, nami nikayachukulia hayo kuwa ushabiki tu.

Desemba iliyopita tulikuwa kwa shosho, mama yake mama, tunatoa njegere kwenye maganda. Nikamsemesha mama, naye akaendelea na njegere zake. Shosho akaniambia nizunguke upande ule mwingine. Nikaanza kuzilaumu spika. Shosho akaniuliza spika gani. Sikio lile lilikufa kwa matumbwitumbwi mama akiwa darasa la pili, kabla umeme haujafika kwao, kabla hajasikia rege hata siku moja. Nikakumbuka umati ukiwa mkono wake wa kushoto, na salamu ya yule jirani wa Landless.