Painti ya Mwingereza na painti ya Mmarekani: jinsi nilivyomshindisha mtoto wa watu na njaa Kisarawe

Wakuu, habari za mchana. Wanaostahili shikamoo nawapa, ingawa sidhani kama humu ndani yupo aliyenizidi umri.

Naikaribia miaka tisini. Anayechapa ni mjukuu wangu, mimi nasema tu huku nimejinyoosha kwenye mkeka. Haya yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nilipopasahau nitasema nimepasahau.

Naitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Kurui. Enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini, nilikuwa mwanamwali nafanya kazi za ndani kwa Wazungu.

Nilianzia Kibaha. Bwana alikuwa meneja wa shamba la mkonge, Mwingereza. Nyumba ile naiota mpaka leo, wakuu. Katika ndoto haina watu. Kuna mapazia meupe yanapumua dirishani, na mistari ya mkonge inakwenda, inakwenda, mpaka inageuka moshi.

Memsahibu, ndivyo tulivyomwita mke wa bwana, alikuwa na taratibu zake. Chai anapelekewa kitandani kabla hajaweka mguu chini. Mkate unachomwa, halafu unasimamishwa kwenye kichanja kidogo cha chuma mpaka upoe ndipo uliwe. Kwa nini upoe? Sikuwahi kuuliza.

Vyombo tulikuwa tunaviosha kwenye beseni la maji ya sabuni na kuvifuta hapo hapo na povu lake. Kusuuza hakuna. Na jikoni kulikuwa banda la nyuma, yeye haingii. Alikuwa anasimama mlangoni, anasema neno moja, anaondoka.

Nikadhani hivyo ndivyo Wazungu wote wanavyoishi.

Walipohama kurudi kwao, memsahibu alinipa barua ya kunisifia na jagi jeupe la kupimia maziwa, lina mstari na neno limeandikwa. Kusoma Kiingereza nilikuwa sijui, lakini umbo la lile neno nililijua kama ninavyoujua uso wa mtu. Painti, kipimo chao cha maziwa na maji.

Kwa barua ile nikapata kazi Kisarawe, juu kule mlimani, kwa familia ya Wamarekani wa misheni. Baba yangu alisita kidogo, sisi ni Waislamu. Akasema, "Kafanye kazi. Swala zako unazijua."

Kisarawe asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka barazani. Madirisha ya nyumba ile yalikuwa na wavu wa mbu, basi mwanga ulikuwa unaingia kama unga uliochekechwa. Kitandani hakukuwa na blanketi za kuchomekwa kwa nguvu chini ya godoro kama za Kibaha, kulikuwa na shuka zito la viraka vya kila rangi. Nilikuwa nikilitandika naona kama natandika shamba la mtu, huku muhogo, huku mpunga.

Mama mwenye nyumba tulimwita Mama Deni, kwa jina la mtoto wake mchanga. Siku ya kwanza nikampelekea chai kitandani. Alishtuka akajifunika shuka mpaka shingoni! Yeye ni kahawa, na anaipika mwenyewe, kasimama pale jikoni peku peku. Na jikoni kwenyewe ni ndani ya nyumba.

Akaniambia nilete biskuti. Nikaleta bati la biskuti kavu. Akacheka mpaka akakaa. Kumbe biskuti za kwao ni mikate midogo laini, inaliwa ya moto.

Vyombo nikaosha kwa mtindo wa Kibaha. Akaja, akavisuuza vyote upya. Maji ya kunywa lazima yawe na barafu. Nyama wanaikata, kisu wanakiweka chini, uma unahamia mkono wa kulia. Kila siku nilikuwa najifunza kuishi upya.

Sasa sikilizeni.

Mama Deni aliugua homa kali, maziwa yakakauka. Mtoto akawekwa kwenye maziwa ya unga ya kopo. Ukutani palibandikwa karatasi, na mwenyewe alinifundisha: painti moja ya maji, vijiko kadhaa vya unga. Maji yanapimwa kwa bilauri yake ya kioo aliyokuja nayo toka Amerika, nayo ina mstari na neno lile la painti.

Wiki hiyo hiyo bilauri ikaniponyoka. Ikavunjika.

Sikusema. Niliogopa kazi yangu. Vigae nikavifukia nyuma ya nyumba, nikatoa jagi langu la Kibaha. Neno ni lile lile, umbo lile lile. Nikajiambia tabu imekwisha.

Baada ya muda Deni akaanza kulia. Ananyonya chupa yote, analia. Nesi wa zahanati akampima: uzito haupandi. Akamtazama masikio, koo, tumbo, haoni ugonjwa. Mtoto yule alikuwa na macho makubwa, yakazidi kuwa makubwa. Nilimbeba mgongoni nikizunguka naye kwenye ukungu, naye analia kidogo kidogo kama mtu anayeita kutoka mbali.

Mama Deni alikuwa bado dhaifu, anashika kuta akitembea. Nikamsikia akimwambia mumewe kwa Kiswahili, maana walikuwa wakijifunza na wakilazimishana kukizungumza, "Nchi hii haimtaki mtoto wetu. Turudi nyumbani."

Mume akaandika barua ya kuacha kazi. Masanduku yakatolewa chini ya vitanda.

Kabla ya kuondoka, Mama Deni alitaka jamu ya mananasi ya safarini. Akanipa chupa zake za kioo za kutilia jamu nizichemshe. Nikaigeuza moja juani, nikaona maandishi yamevimba kwenye kioo. Neno langu lile!

Nikajaza jagi mpaka kwenye mstari, nikamimina kwenye chupa. Chupa ikajaa, na jagi bado lina maji. Nikaendelea kumimina kama nimelala. Maji yakamwagika, yakanilowanisha miguu.

Nikamimina tena. Vile vile.

Wakuu, nilikaa chini pale pale kwenye maji. Kumbe wiki zote zile mtoto nilikuwa namnywesha maziwa yaliyozidishwa maji. Unga wa painti yao, maji ya painti ya Mwingereza.

Shetani akaniambia, badilisha kipimo tu, nani atajua? Mtoto atanenepa, watashukuru Mungu wao, basi. Na kweli nilisimama nikaanza kukausha sakafu.

Nikasikia Deni analia chumbani. Nikaenda na jagi mkono mmoja, chupa mkono wa pili.

"Mama Deni," nikasema, "mtoto haumwi. Ana njaa. Mimi ndiye niliyemtia njaa."

Nikamweleza yote, bilauri, vigae, kila kitu. Alilichukua jagi na chupa mikononi mwangu. Akatembea mpaka jikoni, akajaza jagi, akamimina kwenye chupa. Maji yakamwagika. Akarudia mara ya pili.

"Painti yenu ni kubwa kuliko yetu," akasema taratibu.

"Si yetu, mama. Ni ya Waingereza. Mimi sina painti."

Akanitazama. Nilidhani atanipiga. Akacheka, na katikati ya kicheko akalia, akashika ukingo wa meza. Alipotulia akasema, "Kuvunja, ni bilauri tu. Kunificha ndiko kulikoniumiza, Mwanaidi."

Neno hilo limenikaa. Hakulirudia tena siku nyingine yoyote.

Tukachanganya maziwa pamoja, kwa kipimo chao. Deni akanywa, chupa ikatoka mdomoni yenyewe, akalala. Nyumba nzima ikawa kimya, tumekaa sakafuni mimi na yeye, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kunyanyuka.

Masanduku yalirudi chini ya vitanda. Barua ya mume sijui iliishia wapi, hapo nimesahau. Nilifanya kazi pale miaka kadhaa, mpaka nilipoolewa, na Deni aliniachia mgongo akiwa mzito kama gunia la korosho.

Nilichojifunza: neno moja linaweza kuwa na vipimo viwili, kwa hiyo uliza hata kama unaona aibu. Na ukivunja kitu cha watu, sema siku hiyo hiyo, kabla madhara yake hayajamfikia asiye na kosa.

Haya, zamu yenu. Nani humu aliwahi kuficha jambo dogo likamgeukia? Andikeni, mjukuu atanisomea kwa sauti. Ana miaka kumi na miwili, naomba mkumbuke hilo mnapochagua maneno.