Aliyechaguliwa Kumsemea Mama

Kila asubuhi Ramlo alimwogesha mama yao, akamvisha, akamlisha uji kwa kijiko, kisha akafunga lango, maana Mama Kaaha angetoka kuwatafuta ngamia waliokufa kwa ukame zamani kule Tarbaj. Mwaka wa nne sasa. Lakini watafiti wa ugonjwa wa kusahau walipotaka mtu wa familia aingie kwenye kamati yao, walimchukua mdogo wa Ramlo, Muslimo, karani mjini Garissa. Utafiti ulikuwa wa nchi sita, mikutano ni ya Kiingereza, na Ramlo hakuwahi kukaa darasani.

Kamati iliwaambia watafiti maswali yapi yanafaa. Kabla ya kila mkutano Muslimo alipita nyumbani na daftari, akamuuliza dada yake habari za mama. Ramlo alimweleza kwamba mama hajui tarehe, na hata alipokuwa mzima hakuijali. Lakini mtajie ngamia mmoja, atakutajia mama wa ngamia huyo na nyanya yake.

Siku moja Muslimo akamwonyesha kwenye simu mkutano uliorekodiwa. Watu wa India na Brazili walikuwa wakimpigia makofi. Ramlo hakuelewa Kiingereza, ila aliyasikia majina ya ngamia wa mama.

Jioni hiyo mama alimshika mkono, akambariki, akamwita kwa jina la Muslimo. Ramlo hakumsahihisha. Alitoka akasimama kando ya tangi la maji mpaka machozi yakakauka.

Muslimo aliporudi na daftari, Ramlo alimjibu, "Sijui, abaayo, mdogo wangu. Mjumbe ni wewe."

Mkutanoni akaulizwa mama analala vipi, akafungua daftari, ukurasa ulikuwa mtupu. Wiki iliyofuata alikuja na mtafiti aitwaye Korane. Muslimo akaketi mkekani, akakiri kwamba yote aliyowahi kuyasema yalikuwa ya dada yake. Korane akamuuliza Ramlo kwa Kisomali kama angeingia kwenye kamati, atafutiwe mkalimani.

"Nitaingia," alisema Ramlo. "Lakini mkalimani asiwe huyu."

Muslimo aliinamisha kichwa. Ramlo aliona aibu, ila hakuyarudisha maneno yake.

Kwenye fomu ya kuwapima wagonjwa wa jamii za wafugaji swali la tarehe liliondolewa, likawekwa la mifugo. Siku za mkutano Muslimo ndiye anayebaki na mama, naye ameanza kujua kazi ya kumwogesha mtu asiyetaka kuvuliwa nguo. Ramlo humwachia maji ya moto tayari. Maelekezo hampi mpaka aombe.