Kaye Saba za Watoto wa Pepo

Mimi sitajishusha hapa. Watu wanasema mwandishi mzuri hujishusha. Basi mimi si mzuri. Nikiwa na miaka kumi na sita, hapa Kasongo, nilimaliza kuandika hadithi ya mapenzi iliyojaza kaye saba nzima, yaani madaftari ya shule, kwa kalamu ya biki, mbele na nyuma ya kila karatasi. Wasichana wa shule yetu walizigombania mpaka mbili zikapoteza majalada. Nani mwingine alifanya hivyo? Nitajie mmoja tu.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Msichana wa Salamabila anauza chai na mandazi kwa wachimbaji wa dhahabu. Asubuhi moja moto wake unakataa kuwaka, hewa imesimama, naye anapiga mluzi kuita upepo, vile mama zetu wanavyofanyaga wakipepeta mpunga. Upepo unakuja, lakini unakuja na miguu. Ni kijana! Mrefu, mpole, shati lake halitulii mwilini hata akiwa amekaa. Yeye ni upepo wa mashariki, na ana ndugu watatu wakali. Anaruhusiwa kupenda, ila ana mwiko mmoja: asiingie mahali pasipo na hewa, akiingia anakufa. Na kaka ya yule msichana anafanya kazi wapi? Ndani ya shimo. Umeshaona ninapokupeleka.

Kaye ya tano ilifika Salamabila kweli, ndani ya mfuko wa binamu yangu, juu ya pikipiki, katika matope ya siku mbili. Ilirudi na madoa ya chai. Nyuma ya jalada mchimbaji mmoja, simjui mpaka leo, alikuwa ameandika: "Huyu kijana asiingie shimoni, tafadhali. Mimi najua kule." Nilisoma hayo maneno nikalia kwa furaha, nikatembea siku ile yote kama bibi harusi.

Sasa jina. Ni jina lililonitia taabu. Sisi watu wa Kasongo tunajivunia Kiswahili chetu. Mtu wa Lubumbashi akifungua mdomo tu, tunaangaliana tukicheka kidogo. Chetu, tunasema, kilitoka pwani kwa miguu na hakikuharibika njiani. Nami nilitaka kuandika Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwalimu. Yeye alitufundisha: ufunguo mmoja, funguo nyingi, ukuta mmoja, kuta nyingi. Nikasema vizuri sana, basi upepo mmoja, pepo nyingi. Juu ya kila kaye nikaandika kwa herufi kubwa: WATOTO WA PEPO. Sarufi ilikuwa sawa kabisa, na nitabishana na yeyote hata leo. Lakini kwetu mtu akisikia pepo hafikiri wingi wa upepo. Anafikiri shetani. Anafikiri watu wanaoanguka kanisani na kupiga makelele.

Kaye zote zilikuwa zimerudi kwangu ila ya sita: rafiki yangu mmoja aliisahau juu ya benchi la kanisa. Aliyeiokota ni mama prezidanti, mkubwa wa kikundi cha maombi, jirani yetu, mwanamke aliyeanza kuombea watu kabla sijazaliwa. Jumamosi mchana aliingia kiwanjani kwetu na mama wengine wawili. Mama yangu akawatolea viti.

"Hatukai," mama prezidanti alisema. "Mutoto yako anaandika mapepo. Nasikia kaye ziko saba. Kesho, kisha ibada, tutazichoma zote mbele ya kanisa, na yeye atasimama pale tumuombee."

Zile kaye zilikuwa miaka miwili ya maisha yangu, na nakala nyingine haikuwepo popote. Mama yangu alinigeukia. Yeye hakusoma shule hata siku moja. Alikuwa akininunulia kaye akidhani ni za masomo.

"Ni kweli?"

"Hapana mama. Si mapepo. Ni upepo."

"Imeandikwa pepo," mama prezidanti alisema. "Miye niko na macho."

Mama yangu akafuta viti kwa kikwembe alichojifunga kiunoni, taratibu, kiti kwa kiti. "Mutu hahukumiwi bila kusikilizwa," alisema. "Mukae. Mutoto asome."

Wakakaa. Mama prezidanti akanipa ile kaye ya sita, nikawaeleza kwa ufupi yaliyotangulia, nikasoma. Nilipofika mahali msichana anapiga mluzi tena kumwita kijana wake, mama prezidanti alipiga goti lake kwa mkono. "Munasikia! Anaita shetani kwa mluzi!"

Mimi na mdomo wangu! "Mama, na weye? Juzi ukipepeta mpunga ulipiga mluzi mpaka kuku wetu wakakimbia. Ulikuwa unaita nani?"

"Heshima!" mama yangu alinikemea, lakini niliona shavu lake linacheza. Mama mmoja alificha uso ndani ya kikwembe, mabega yakimtikisika.

Mama prezidanti alinikazia macho. "Nilikuwa naita upepo," alisema.

"Hata huyu musichana, mama."

"Endelea."

Nikaendelea. Shimo likaporomoka, kaka ya msichana akabaki chini na wenzake, na kijana wa upepo akasimama mdomoni mwa shimo akitazama giza. Hapo kaye ya sita inaisha. Nikaifunga.

"Na kisha?" mama prezidanti aliuliza.

"Kisha iko mu kaye ya saba. Ile munataka kuchoma."

"We mutoto, soma!"

Nikaleta ya saba kutoka ndani, nikasoma. Kijana wa upepo anaingia shimoni. Anajigawa pumzi kwa pumzi, kila mchimbaji yake, mpaka wote wanatolewa wazima, yeye peke yake hatoki. Yule mama aliyekuwa akicheka, mume wake alikuwa Salamabila, hakutuma habari tangu mvua zianze. Alilia bila kujificha. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa nimemliza mtu mzima kwa biki. Nilimwonea huruma, ndiyo, lakini nisidanganye: moyo wangu ulijaa fahari mpaka nikaona aibu.

Mama prezidanti alisimama. "Ndani hakuna shetani," alisema. "Lakini mutu atasoma jina, hatasoma ndani. Ile neno, hapana. Kesho nitaangalia ukurasa kwa ukurasa. Nikikuta pepo hata moja bila u, zote zinaenda ku moto."

Walipoondoka nikalipuka. Sarufi ni sawa! Yeye ndiye hajui! Na kaye ni saba, pepo ziko kila mstari, nani atamaliza mpaka kesho? Sibadilishi hata moja, wachome!

Mama yangu aliningoja nimalize. "Mama yangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniitaga akinipenda sana, "unataka kushinda, ao unataka kaye zako zibaki?"

Nikaenda ndani, nikaleta kaye zote na biki.

"Basi nionyeshe hiyo u."

Nilimchorea moja chini, udongoni. Akaitazama. "Ni kikombe tu," alisema, akachukua biki, akaishika vile anavyoshika kisu cha kumenyea muhogo. Nilipita mbele na kidole changu, naonyesha: hapa, mama, na hapa. Yeye alifuata nyuma akitia u. Zake zilikuwa kubwa, nyingine zimelala ubavu, nyingine zimetoboa karatasi. Mimi nilifanya kaye tatu za kwanza, yeye nne zilizobaki. Sarufi ilivunjika vibaya: "upepo zinavuma", "upepo zimekasirika". Roho iliniuma kila mara. Tuliacha jua lilipozama, tukamalizia asubuhi, na shingo yake ilikuwa imekakamaa hata kugeuka alishindwa.

Kisha ibada watu walibaki kwenye kiwanja cha kanisa. Kuni zilikuwa zimepangwa. Mama prezidanti, kibiriti mkononi, alifungua kaye ya kwanza akaanza kupitisha kidole kwenye mistari, kweli ukurasa kwa ukurasa, kama alivyoahidi. Hakuruka hata mmoja. Kaye ya pili. Ya tatu. Ya nne ndiyo ilikuwa ya kwanza ya mama yangu, na hapo kidole kikasimama.

"Hii mwandiko ni ya nani?" aliuliza kwa sauti. "Hii si ya mutoto."

Watu wote wakanitazama.

Mama yangu, ambaye katika kila biro, kila ofisi ya serikali, wanamchovyaga kidole gumba ndani ya wino, alisimama katikati ya mama wenzake. Akakaza kikwembe kiunoni.

"Ni miye," alisema. "Miye ndiye niliandika."

Mama prezidanti alimtazama, akatazama tena ule ukurasa. Kibiriti akakitia ndani ya mkoba. Akafunga kaye, akazipanga zote saba, akaziweka mikononi mwa mama yangu, si mwangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikubisha.