Simu ya Akiru Iko Mezani Kwetu

Jamani, akili yangu bado inakataa. Akiru wangu hayupo! Homa iliyoanza kama mchezo, siku chache hospitalini, kisha kaka yake Ekal akanipigia na hakuweza kumaliza sentensi.

Wengi wenu mnamjua kama best maid wangu, yule aliyecheza mpaka vumbi likatimka, gauni refu la buluu na chini yake sandali za tairi. "Viatu virefu ni vya Nairobi, Neke. Mimi nataka kucheza!"

Wengine mnamjua kwa kazi. Alikuwa consultant wa haki za watu mtandaoni. Mimi niliishia kidato cha nne, kwa hiyo nilimwomba anieleze kwa lugha yangu. Akasema, "Kuna watu wanakaa mezani wakiamua intaneti itatumikaje na habari zako zitaenda wapi. Kazi yangu ni kuwauliza: mwenyewe mmemuuliza?"

Leo swali hilo limeingia nyumbani kwangu.

Ekal ametuletea simu ya dada yake. Imefungwa kwa namba ya siri. Mume wangu Fiston (jamani, bado nasikia raha kuandika "mume wangu"!) ni fundi wa simu hapa Kakuma, na anaweza kuifungua. "Fundi, kwako hii ni kitu ndogo," Ekal alimwambia. "Tunataka tu picha zake za kuweka mazishini, na sauti yake. Mama asikie sauti yake."

Nami nina sababu yangu. Siku ya mwisho aliyokuwa na nguvu, niliona kwenye simu yangu kwamba Akiru ananirekodia ujumbe wa sauti. Nikasubiri huku natabasamu. Haukufika. Labda umo humo ndani. Natamani kuusikia kuliko kitu chochote.

Fiston akaniangalia. "Bibi yangu, weye ndo utasema."

Basi nimekaa na simu hiyo tangu asubuhi, namkumbuka mwenyewe.

Namkumbuka Lodwar, kwenye cyber alikokuwa mhudumu tulipofahamiana. Kila mteja alipoandika password, Akiru aligeuza kiti akatazama ukuta. Mzee mmoja akamlalamikia mwenye duka: "Huyu msichana wenu ananipa mgongo, nimemkosea nini?" Akiru akajibu bila kugeuka, "Ejok, mzee, hakuna ubaya. Maliza kwanza."

Namkumbuka alipoanza kuitwa kwenye mikutano Nairobi, hata nje ya nchi. Alirudi na ile kadi ya shingoni yenye jina lake, akamvalisha mama yake kule Kalokol. Mama akaenda nayo mpaka kwa wauza samaki.

Namkumbuka Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi. Mradi mmoja ulitaka akina mama wapigwe picha za uso ndipo wapate intaneti ya bure. Yeye ndiye aliyeajiriwa kutoa ushauri, na wakubwa walitarajia aseme sawa. Akakaa mkekani na akina mama, akawaeleza picha zitahifadhiwa wapi na nani ataziona. Mama mmoja wa Burundi akauliza, "Na nikikataa, nitakosa?"

Akiru akamgeukia meneja. "Mjibu yeye, siyo mimi."

Picha hazikupigwa. Na mradi ule haukumwita tena. Alinisimulia hayo huku anakula mandazi yangu, anacheka!

Na namkumbuka kwa sababu ya Fiston!!

Nilikuwa nauza vitenge mtandaoni. Kijana wa Kongo aliyeko Kakuma akanunua kimoja cha mama yake, kisha akawa ananitumia sauti kila jioni, na moyo wangu ukayeyuka kama samli. Ndugu zangu wote wakasema ni tapeli. Nikamkimbilia Akiru. "Wewe unajua mtandao. Nichimbie huyu mtu, nijue yote."

"Naweza," alisema. "Lakini sichimbi."

"Mimi ni rafiki yako!"

"Ndiyo. Na yeye ni mtu. Alhamisi nina semina Kakuma. Twende umuulize mbele ya macho yake."

Nikanuna. Lakini nikaenda! Fiston akatoka kibandani na bisibisi mkononi, jasho linamtiririka. Akiru akamwambia, "Huyu dada anataka kukujua. Unakubali akuulize?"

"Aulize yote," Fiston akasema. "Hata ya shule. Hesabu ilinishinda kabisa."

Nikauliza mpaka soda zetu zikawa za moto. Leo naamka kando ya mwanaume aliyenieleza maisha yake kwa mdomo wake, kwa kupenda kwake. Sikumnyemelea.

Mchana huu nimempigia mama yake Akiru. Nilianza kumweleza habari ya simu, akanikata.

"Hiyo simu ni ya nani?"

"Ya Akiru, mama."

"Alikuambia ufungue?"

"Hapana, mama."

Nilimsikia anavuta pumzi. "Mimi pia nataka sauti yake, Nekesa. Nataka sana. Lakini lete simu vile iko."

Fiston ameifuta vumbi. Mimi nimeifunga katika kipande cha kitenge. Ekal hakubisha, alilia tu, na sisi tukalia naye.

Kwa hiyo nyinyi mliopiga picha naye, njooni nazo Kalokol Jumamosi, kwenye mazishi. Na mwenye sauti yake aliyotumiwa, akae karibu na mama amsikilizishe.

Akiru, dada yangu, ulianza kuniambia kitu halafu hukukituma. Labda ulichoka. Labda ulibadili mawazo. Inauma kutojua, inauma sana. Lakini ni chako, nenda nacho.

Lala, kipenzi changu. Hakuna atakayekusumbua.