Aliyegonga Tangi la Nne

Wanaomfahamu humwita Cheche, na jina hilo hakulipata kwa ukali bali kwa kazi. Ni fundi wa matangi. Tangi la chuma likiota kutu au likivuja, yeye hujipenyeza kwenye tundu ambalo mtu mnene angekwama kiunoni, akakwangua, akasaga, akaziba, na jioni akatoka mwekundu wa vumbi mpaka kwenye kope. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, hupenda kusema kwamba kila asubuhi anamuaga mke mmoja na jioni anarudishiwa mwingine.

Kazi alifundishwa na mjomba wake. Mjomba alikuwa fundi hodari, ila alikuwa na ubishi wa mafundi hodari. Aliingia matangini na balbu ya umeme wa kawaida, imefungwa kwenye mpini wa mbao, waya wake umezongwa matambara kila ulipochubuka. Siku moja balbu ikapasuka ndani ya tangi lenye unyevu, na chuma alichokalia kikamshika. Hakufa. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilijikunja, na hadi leo havijanyooka.

Ndiyo maana Cheche haingizi taa ya waya ndani ya tangi la chuma. Anayo taa ya kuchaji, ndefu kama mchi mdogo, ina kulabu juu na sumaku mgongoni, na nyingine ndogo ya akiba hukaa mfukoni. "Taa moja ni sawa na kutokuwa nayo," husema. Huzichaji sakafuni, kwenye vigae, mbali na godoro na mapazia, na kila asubuhi huzipapasa kama mama anayempima mtoto homa: hazijavimba, hazijapasuka kioo? Grenda yake, ile mashine ya mkono ya kusagia chuma, hupata umeme kupitia kisanduku cha kupunguza nguvu ya umeme, nacho hubaki nje ya tangi. Na nje hapo, mdomoni mwa tangi, lazima awepo mtu.

Mtu huyo ni wifi yake, dada wa mumewe. Wanaitana "wifi" kwa zamu siku nzima, na asiyewazoea hujiuliza nani ni nani. Wifi yule ni mnene, mcheshi, mdomo haupoi. Kazi yake ni kukaa kando ya tundu, kulinda feni inayosukuma hewa ndani, kushika plagi, na kujibu. Maana grenda ikinguruma hakuna sauti ya mtu inayopenya. Kwa hiyo, kila baada ya dakika chache Cheche huzima mashine, akagonga ukuta mara mbili kwa spana: nipo. Wifi naye hugonga mara mbili: nakusikia. Asiposikia, anavuta kamba aliyofungwa Cheche kiunoni na kupiga kelele.

Walikwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni siku ya Jumatatu. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na matangi manne ya maji, makubwa kama vyumba, na la tatu na la nne yalikuwa yameshikana ubavu, ukuta mmoja katikati. La tatu lilikuwa linavuja. La nne lilikuwa limefungwa miaka miwili, halina kazi. Ng'ambo ya ua kulikuwa na chumba cha pampu, na fundi wake aliwapungia mkono kwa aibu walipofika.

Asubuhi ile mambo yalikwenda salama. Cheche akasaga kutu kwa muda, akazima, akagonga. Ngo, ngo. Wifi akajibu. Ngo, ngo. Kisha, baada ya muda wa mtu kuvuta pumzi moja, ikaja nyingine.

Ngo.

Moja tu. Haikutoka mdomoni mwa tangi. Ilitoka ukutani, upande wa tangi la nne, usawa wa goti lake.

Akaipuuza. Chuma kina milio yake, na aliyekulia kwenye kazi hii haogopi mlio. Lakini mara ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Mwangwi haungoji. Mwangwi hukurudishia ulichoutuma, hauli kidogo ukabakiza.

Akatoa kichwa nje. "Wifi, unagonga ngapi?"

"Mbili. Kwani nimeajiriwa kupiga ngoma?"

"Huongezi moja baadaye?"

Wifi akamtazama vizuri. "Wifi, kama ni utani wa mawifi, huu siupendi."

Mchana Cheche akamuuliza msimamizi wa kiwanda, mtu wa kalamu mbili mfukoni, kama kuna mtu anafanya kazi tangi la nne. Msimamizi akacheka. "Jua likipanda, chuma kinatanuka, kinalia. Tangi hilo lina maji ya mvua tu, yanafika kwenye vifundo vya miguu." Akasema hivyo akiwa anaangalia karatasi zake, na Cheche akaridhika nusu.

Usiku ule alimsimulia mumewe. Mumewe akakata uzi kwa meno, akasema, "Kama inajibu, ina adabu kuliko wateja wangu." Wakacheka. Lakini alipolala, Cheche alijikuta anahesabu: mbili, mbili, moja.

Siku ya pili ndipo alipokosea. Alikuwa anasaga karibu na ule ukuta wa kati, macho kazini, masikio kwingine. Umeme ukakatika. Grenda ikafa mikononi mwake, feni ikanyamaza, na katika ukimya ule wa ghafla ikasikika moja, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Ngo. Cheche akaweka mashine chini, akasogeza sikio ukutani. Chuma kilikuwa cha baridi. Hakusikia kitu ila damu yake mwenyewe.

Mara umeme ukarudi, na nyuma yake grenda ikafufuka.

Iliruka sakafuni kama mbwa aliyekanyagwa mkia, diski inazunguka, inarusha cheche pande zote, inamjia miguuni. Akajibandika ukutani na kupiga ukelele. "Plagi!" Wifi akaing'oa. Mashine ikajizungusha mara mbili zaidi, ikalala. Buti la kushoto lilikuwa limechanwa ngozi ya juu, kama kwa wembe. Kidole chake kilikuwa salama kwa unene wa soksi.

"Imejiwasha," Wifi akasema. "Wifi, imejiwasha yenyewe. Tuondoke hapa."

Cheche akaigeuza ile grenda mikononi. Swichi ilikuwa imefungwa kwenye kuwaka, vile vile alivyoiacha umeme ulipokatika.

"Haikujiwasha," akasema. "Niliiwasha mimi, nikaisahau." Akaketi chini. Umeme ukikatika, unaachia swichi, plagi inatoka, ndipo unafanya jingine lolote. Miaka kumi na sita alikuwa anayasema hayo kwa wengine. Kilichomtisha si mashine. Kilichomtisha ni kwamba sauti moja ndogo ukutani ilikuwa imemwita, naye akaitika akasahau mwili wake.

Siku ile hawakuendelea. Akabadilisha diski, maana iliyojigonga sakafuni haiaminiki, akakagua kinga ya grenda na waya wote kwa vidole, sentimita kwa sentimita.

Jumatano walirudi. Wifi alikuja kwa kununa. "Leo nikisikia tatu, utanikuta nyumbani," akasema, lakini akakaa mahali pake. Saa nzima ikapita. Cheche aligonga mbili, akajibiwa mbili, na ukuta ukakaa kimya. Ajabu ni kwamba kimya kile hakikumpa raha. Alikuwa kama mtu aliyezoea mbwa wa jirani kubweka, na leo habweki.

Saa nne na kitu umeme ukakatika tena. Safari hii Cheche aliachia swichi kabla mashine haijamaliza kuzunguka. "Plagi!" akaita. "Nimetoa!" Wifi akajibu. Feni ilikuwa imenyamaza, na feni ikinyamaza mtu anatoka. Hiyo ni sheria. Akaondoa taa ukutani, akaanza kupanda ngazi.

Ndipo ukuta ulipogongwa. Si moja. Ngo ngo ngo, ngo, ngo ngo, bila mpango, kwa nguvu, halafu kwa udhaifu, halafu kukawa na sauti ya kitu kinachokwaruza chuma kutoka juu kwenda chini.

Wifi aliisikia pia. Cheche alipotoka alimkuta amesimama, mkono kifuani. "Sikugonga, wifi. Haki ya Mungu sikugonga."

"Najua. Njoo."

Wakazunguka upande wa pili. Mfuniko wa tangi la nne ulikuwa wazi. Jana ulikuwa umefungwa kwa bolti. Na kwenye mdomo wake uliingia waya mweusi wa umeme, umening'inia gizani kama mkia. Cheche akashusha taa yake kwa kamba. Mwanga ukateremka kwenye kuta zenye kutu, ukafika chini. Maji meusi. Ndani ya maji, balbu iliyopasuka. Na kando ya ukuta wa kati, amejikunja, mtu, spana mkononi, miguu majini.

"Yesu na Maria! Ni fundi wa pampu!" Wifi akapiga kelele, na mguu wake ulikuwa umeshaingia tunduni.

Cheche akamshika ovaroli mgongoni kwa mikono miwili. "Usiingie!"

"Anakufa, wifi!"

"Umeme umekatika, ndiyo maana ameweza kugonga. Ukirudi sasa hivi na wewe umo majini? Fuata waya! Plagi kwanza!"

Wakaufuata. Ulikatiza uani, ukapita chini ya mlango wa chumba cha pampu, ukapotea nyuma ya mapipa. Wifi akayasukuma mapipa kwa kiuno kama mtu anayefungua njia sokoni. Soketi ilikuwa nyuma, chini, imejaa utando wa buibui. Cheche akavuta plagi, akabaki ameishika kifuani. Hakuhesabu zilikuwa sekunde ngapi. Wifi husema zilikuwa tatu. Taa ya chumba cha pampu ikawaka juu ya vichwa vyao. Umeme ulikuwa umerudi.

Wakatazamana. 

Cheche akaitia plagi ile mfukoni, asije mtu mwema akairudisha. Wakahamishia feni kwenye tangi la nne, wakaita watu, msimamizi akaja mbio kalamu zikimdondoka. Hewa ilipozunguka vya kutosha, Cheche akajifunga kamba, akateremka na taa zake mbili. Fundi wa pampu alikuwa anapumua. Mkono wake ulikuwa na alama nyeusi ya kuungua, macho yamefumbuka lakini hayamwoni. Alipomfunga kamba kifuani alinong'ona, "Wewe ndiye uliyekuwa unagonga?"

"Tulia, kaka. Tunakutoa."

"Umekaa humu muda mrefu."

Cheche akakaza fundo la kamba. Lakini anakiri kwamba pale, mgongo ukiwa umeelekea giza la tangi, aliinua taa na kumulika kila pembe, mara mbili. Hapakuwa na mtu.

Siku ya tatu baada ya kumtoa, wakaenda kumwona hospitali. Fundi wa pampu alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye aibu. Alikaa kitandani na mkono uliofungwa bendeji, akaeleza kwamba hakumwambia mtu kwa sababu aliogopa kuchekwa. Alisikia mtu anagonga ndani ya tangi la nne. Siku zote akajizuia. Jumatano asubuhi akashindwa, akachukua taa ya kwanza aliyoipata, akafungua.

"Ulitusikia sisi," Cheche akamwambia kwa upole. "Mimi nagonga mbili, wifi ananijibu mbili. Ukuta ni mmoja, sauti inapita."

Yule bwana akafikiri. "Labda. Mbili, halafu mbili, halafu moja." Akatikisa kichwa. "Ila mimi nilianza kusikia Jumapili, dada. Kiwanda kilikuwa kimefungwa. Nilikuwa peke yangu na pampu."

Wao walikuwa wameanza Jumatatu. Wifi, ambaye hajawahi kukosa la kusema hata matangani, alikuwa anatazama dirisha.

Kiwanda kiliyamwaga maji ya tangi la nne. Ndani yake palipatikana matope, kutu, na bolti moja kuukuu. Msimamizi akaagiza kwamba kuanzia sasa hakuna anayefungua tangi bila kuandika jina lake mlangoni na kumwacha mtu nje, na taa za waya zikakusanywa zote zikatupwa. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye, akamuuliza Cheche kama angekubali kulisaga tangi la nne pia.

Cheche akaomba siku moja ya kufikiri. Mumewe akasema asiende. Mjomba, alipoulizwa, akasema tangi kavu, lenye hewa na mtu mlangoni ni tangi kama tangi jingine. Akaenda.

Ila kugonga aliacha. Sasa, kila anapozima grenda, Wifi huinamia tunduni na kumsimulia: nani kaachwa, nani kaposwa, mama gani wa mtaa wa pili kanunua friji na hana umeme. Kazi ile ilichukua siku nne, na umbea wa mtaa mzima ukaishia humo. Siku ya mwisho, kwenye ule ukuta wa kati, Wifi alinyamaza kidogo kumeza mate.

"Ongea!" Cheche akapaza sauti kutoka chini.

"Nimeishiwa, wifi!"

"Basi rudia ya jana!"