Puto la Aminiel Lisilo na Kitu Ndani

Kuna watu wenye akili za kutulia, halafu kuna Aminiel. Ni fundi friji pale Ngarenaro, na ugonjwa wake aliupatia kwenye friji hizo hizo. Fundi kabla ya kujaza gesi lazima anyonye hewa yote kwa pampu. Siku moja pampu inanguruma, akajiuliza: mtumbwi unaelea majini kwa kuwa ndani hauna maji, kitu kisicho na hewa ndani si kitaelea hewani?

Mtu mwingine angekunywa chai akasahau. Aminiel alikwenda nyumbani Akheri, akafunga pampu kwenye tangi la maji la mkewe Eunike.

Tangi halikuelea. Lilibonyea kwa kishindo, mbuzi wakakata kamba.

"Baba Nancy," Eunike alisema, kwa ule upole wake wa kutisha, "kwa hiyo hewa ya nje ndiyo imelikaba?"

"Ndiyo, mama! Umeona nguvu yake?" Macho yanamng'aa kama kasifiwa.

"Nimeona. Tengeneza kitu kingine. Kikibonyea, au mzani usiposema kimepungua, pampu inarudi kwenye friji na wewe unarudi kwenye akili. Na maji utachota wewe."

Basi Aminiel akaumba tufe la faiba, ile ya kutengenezea paa za magari ya watalii, likamfika kiunoni. Ukutani alishachora chombo kizima kinapita juu ya Meru bila gesi, na abiria wa mbele kavaa kilemba cha Eunike.

Yeye na Eunike wakalipeleka kwenye ghala la kahawa, kwenye mzani wa kuning'iniza wa mzee Sifaeli. Wakulima wanauheshimu mzani ule kama mkwe: hawauamini, lakini wanausalimia.

"Shikamoo, mzee," Aminiel akaamkia.

"Marahaba. Hii imekauka au bado mbichi?"

Aminiel akausoma mshale mwenyewe: kilo thelathini na tatu. Pampu ikawashwa. Watu wakazunguka, ila kwa mbali, maana habari za tangi walizisikia. Faiba ikalia krii! Aminiel akafumba macho. Alipofumbua, tufe lilikuwa zima!

Sifaeli akausogelea mshale. "Thelathini na moja na nusu!"

Ghala likalipuka kwa vigelegele. Mmoja akauliza kama kiti cha dirishani kimeshachukuliwa. Aminiel alikuwa ameshainua mikono juu, jicho likagonga mshale. Akaishusha.

"Mzee... umetoa gunia."

Maisha yake yote Sifaeli amepima kahawa akikata kilo moja ya gunia. Mdomo umezoea.

"Hata kitu kitupu unakikata gunia!" mama mmoja akapiga kelele, watu wakashikana mbavu.

"Ni thelathini na mbili na nusu," Aminiel alisema kwa sauti ndogo. "Limepungua nusu kilo tu."

Eunike akaenda kuusoma mshale mwenyewe. Akausoma tena.

"Hewa ina nusu kilo? Ya humo tu?"

"Ya humo tu."

"Kumbe tunatembea tumebebeshwa mzigo!" Akaligusa tufe kama anayepima homa ya mtoto. "Sasa kinacholizuia kupaa ni nini?"

"Ganda ni zito. Nikilifanya jembamba, litakabwa kama tangi."

"Baba Nancy, hujawahi kukata mgomba? Ndani vyumba vyumba vya hewa, mwepesi, na unabeba mkungu mzima."

Aminiel akamtazama mkewe kama ndiyo kwanza anamposa. Halafu akatimua mbio kuelekea shambani.

"Panga liko jikoni!" Eunike akamfuata kwa sauti. "Na upite na ndoo za maji!"